Tuligawana Saa

Chumba chetu kina upana wa boriti moja. Sisemi kwa mafumbo. Dari za nyumba za mawe za Mji wa Kale, Mombasa, zimelala juu ya boriti za mkoko, na boriti iliyonyooka haizidi sana mita 3. Fundi wa zamani alisimamisha kuta zake kwa kuufuata mti alioletewa na jahazi. Urefu wa chumba mwenye nyumba aliweza kuutaka atakavyo, lakini upana uliamuliwa na mkoko. Ndiyo maana vyumba vyetu ni virefu na vyembamba. Ukiingia ni kama unaingia kichochoroni. Hiki ninacholala nimekipima kwa futi ya kushonea ya mamangu: mita 2 na sentimita 60 kwa mita 5. Mwaka 2020 tulikuwa tukilala wanne humo.

Nyumba yenyewe iko Kibokoni. Ilijengwa iwe ya ukoo mmoja. Leo ina familia tano, na mwenye nyumba ameikatakata kwa plaiwudi. Sehemu yetu ni vyumba viwili, ukumbi, na jiko ambalo watu wawili wakiingia wa tatu hangoji kuambiwa. Choo kiko chini na tunashirikiana na majirani. Mwaka ule tulikuwa watu wanane: nyanya, mama, kakangu, wifi yangu, watoto wao watatu, na mimi.

Kabla ya hapo sikuwahi kuhisi kwamba tumebanana, na jambo hili limenichukua muda kulielewa. Kakangu alikuwa akitoka na tuktuk yake baada ya swala ya alfajiri na kurudi usiku. Wifi alikuwa dukani, anauza leso Biashara Street. Watoto walikuwa shuleni, kisha chuoni kwa Qur'ani, kisha wanacheza mpaka adhana ya magharibi. Mama alikaa na karai lake nje ya mlango akikaanga bajia. Nyanya alikuwa na baraza lake, na wenzake watatu ambao wamekaa naye hapo tangu wote wana meno. Mimi nilikuwa nafundisha shule ya msingi upande wa bara. Wanane sisi, tukikutana sote kwa pamoja usiku tu, na usiku ule tumelala. Waliozijenga nyumba hizi walijua kwamba vyumba ni vyembamba, kwa hiyo wakaweka baraza nje, wakaacha njia zenye kivuli, wakajenga misikiti kila baada ya hatua chache, na bahari iko pale chini. Nyumba ya Mji wa Kale haikuishia mlangoni. Sisi tulikuwa tukiishi nje na kulala ndani.

Kisha nje ikaondolewa.

Tarehe 13 Machi mgonjwa wa kwanza wa korona alitangazwa Kenya. Siku mbili baadaye ikatangazwa kwamba shule zinafungwa. Tarehe 27 kafyu ikaanza, saa 1 usiku hadi saa 11 alfajiri. Tarehe 8 Aprili kaunti za Mombasa, Kilifi na Kwale zikafungwa, hakuna kuingia wala kutoka. Misikiti ilikuwa imefungwa pia. Msikiti ambao babu za babu zetu walisali, unaupita ukauona mlango una kufuli. Na jioni ya tarehe 6 Mei, Ramadhani haijafika nusu, waziri wa afya Mutahi Kagwe akatangaza kwamba Mji wa Kale wa Mombasa na Eastleigh ya Nairobi zitafungwa zenyewe kwa siku 15, kuanzia saa 1 usiku uleule, na masoko na mikahawa yake ifungwe. Zikaongezwa nyingine, na sisi tukafunguliwa tarehe 7 Juni. Kwa mwezi ule tulikuwa tumefungwa mara tatu, duara ndani ya duara: kaunti, mji, na usiku.

Tuktuk ya kakangu ilikuwa imeegeshwa kwa rafiki yake huko Tudor jioni ile, na huko ndiko ilikolala mpaka tulipofunguliwa. Kazi ikaisha kwa tangazo moja. Duka la wifi lilikuwa limeshapunguza watu tangu Aprili. Mwenye nyumba alituma ujumbe wa kodi tarehe ile ile kama mwezi mwingine wowote. Tukaelewana tulipe nusu, na nusu iliyobaki tuliimaliza Disemba. Muuza maji wetu wa mkokoteni analala ng'ambo ya vizuizi, na siku nne za mwanzo hakufika. Tulioshea vyombo na nguo maji ya kisima cha jirani, yenye chumvi hata sabuni haitoi povu, na mtungi wa lita 20 wa maji matamu ukawa wa kunywa na kupikia tu, umefunikwa kwa sinia, mama peke yake ndiye mwenye ruhusa ya kuugusa.

Hayo yote yalibebeka. Yaliyotushinda yalikuwa mambo madogo. Siku ya tatu nilikuwa najaribu kumsomesha mkubwa hesabu kwenye simu, wa kati anaimba, mdogo analia anataka simu hiyo hiyo. Kakangu na mkewe wanagombana kwa mnong'ono, ule mnong'ono wa mume na mke ambao kila mtu anausikia na kila mtu anajifanya hausikii. Mama anatwanga. Nyanya alikuwa kwenye pembe ya ukumbi na tasbihi yake. Akaiweka juu ya paja.

"Sikizani," akasema. "Mimi sitaki chumba. Najua hakuna. Nataka saa moja. Nipani saa yangu moja nikae na Mola wangu."

Sote tukanyamaza. Nafikiri ni kwa sababu hakuwa amekasirika. Aliomba kitu ambacho kilikuwapo. Mahali hatukuwa napo pa kumpa hata tungeuza vyombo vyote. Saa tulikuwa nazo tele, tena zilikuwa zinatuchosha kwa wingi wake.

Usiku ule, baada ya kula, nilichukua nyuma ya kalenda ya mwaka uliopita nikapiga mistari. Tukagawana.

Alfajiri mpaka jua litoke, dirisha la ukumbi ni la mama. Saa 2 mpaka saa 4 asubuhi ukumbi ni shule na mimi ndiye mwalimu. Anayetaka kupita apite kwenye ukuta. Saa 4 mpaka saa 5 ni ya nyanya, na wakati huo watoto wanapanda juu ya paa na kakangu, na sisi wengine tunafanya kazi zisizo na sauti: kuchambua mchele, kukunja nguo. Baada ya alasiri jiko ni la mama na wifi. Mimi nilipewa muda wa saa moja usiku, baada ya tarawehe, kwenye ngazi, na taa ya simu na kitabu.

Baada ya adhuhuri chumba cha nyuma ni cha kakangu na mkewe, mlango ufungwe, mtu asibishe hodi. Hili niliona haya kuliandika. Mama ndiye aliyelisema, mbele ya wote, kwa sauti ya kawaida kabisa kama mtu anayesema chumvi imekwisha. "Na hawa ni mke na mume," akasema, "muwaandikie yao." Wifi aliinama akatazama mkeka. Baadaye aliniambia kwamba tangu aolewe miaka 11 iliyopita hajawahi kuwa na saa ndani ya nyumba ile ambayo aliijua ni yake.

Karatasi ile nikaibandika nyuma ya mlango. Tuliivunja mara nyingi. Ila sasa ilikuwapo, na mtu aliyeivunja alijua amechukua cha mtu.

Mimi na wifi tuligombana juu yake wiki ya pili. Alikuwa akizungumza na mamake wa Lamu kwa simu, spika iko wazi, saa yangu imeshaingia, na mimi nimekaa kwenye ngazi nimeshika kitabu na sisomi hata herufi. Nikamwambia maneno ambayo sitayarudia hapa. Siku mbili hatukusemeshana. Lakini jaribu kumnunia mtu katika ukumbi wa mita 2 na sentimita 60. Yeye amebeba sufuria ya moto, mimi nimekaa na beseni la nguo, na hakuna njia ya tatu. Siku ya pili, karibu na magharibi, alisimama mbele yangu na uji wa futari mikononi, mvuke unampanda usoni.

"Nipishe, wifi."

Nikasimama, nikajibana ukutani, tumbo ndani, akapita. Alipofika upande wa pili akageuka. "Asante." Ugomvi wetu uliisha hapo, na sidhani kama ungeisha haraka vile katika nyumba yenye nafasi. Mwenye nafasi anaweza kununa mwezi mzima bila kulazimika kuomba njia.

Paa nalo lina habari yake. Letu lina kipande cha saruji juu ya ngazi, tunakoanika nguo, na kabla ya hapo hakuna aliyelihesabu kuwa ni mahali. Mwezi wa Mei likawa uwanja wa mpira, chuo, na ufuo wetu. Kakangu, ambaye kwa miaka watoto wake walimjua akiwa amelala au akiwa anatoka, alikaa huko akiwafundisha kutengeneza tiara kwa njiti za makuti na mifuko ya karatasi. Upepo wa kusi ulikuwa umeshaanza. Ukisimama kwenye ukingo unaona kipande cha bahari kati ya paa mbili za mabati, na juu ya mabati hayo, kwenye nyumba moja baada ya nyingine, tiara za watoto wengine. Walijuana kwa tiara. Wa kati alikuwa na rafiki ambaye hajawahi kumwona uso, anamwita "wa nyekundu".

Lakini Mei ndio mwezi wa mvua kubwa kwetu. Kulikuwa na siku ilinyesha tangu daku mpaka alasiri, paa haliendeki, na saa ya nyanya ilipofika tuliwalaza watoto watatu kwenye kitanda kimoja, tukawafunika shuka kichwani, tukawaambia wao ni mashua iliyotia nanga na mashua hazisemi. Mdogo alikuwa na miaka mitatu. Alikaa kimya dakika nyingi kuliko nilivyotarajia, kisha chini ya shuka tukasikia: "Shangazi, nanga imechoka."

Nikirudi kwenye Ramadhani yenyewe: magharibi kwetu huingia kiasi cha saa 12 na robo, na kafyu ilikuwa saa 1. Futari yote ya mtaa, kuulizana hali, kupelekeana vyakula, ilibidi iingie katika dakika 45. Mama alikuwa hana tena karai la nje, lakini aliendelea kukaanga kaimati kidogo, na nyanya alizipeleka kwa mwenzake wa dirisha la mbele kwa kikapu cha kamba. Njia yetu ni nyembamba kiasi kwamba madirisha ya juu yanakaribiana. Wazee wale wawili, waliozuiwa kukaa barazani, walikuwa wakizungumza kila jioni dirisha kwa dirisha juu ya njia tupu, na yeyote mwenye masikio mtaani alijua mguu wa nani unauma.

Kwa tarawehe tulisimamisha kochi wima ukutani, tukatandika mikeka. Kakangu mbele na mtoto wa kiume ubavuni, sisi wanawake nyuma, na ukumbi haukutosha, kwa hiyo mimi na mkubwa tulisimama ndani ya mlango wa chumba. Ukisujudu, kichwa chako kinagusa nyayo za wa mbele. Kakangu si hafidhi. Alisoma sura fupi alizonazo, akazirudia usiku baada ya usiku, mwanzo kwa haya, baadaye kwa sauti iliyotulia. Usiku wa tatu au wa nne, alipomaliza Alhamdu na sisi tukaitikia "Amin", ikaitikiwa kutoka chini pia. Ilikuwa familia ya chini. Baba yao alikuwa amekwama Nairobi, nayo ilikuwa imefungwa tangu tarehe 6 Aprili, na watoto wake walikuwa wamesimama chini ya sakafu yetu wakifuata sauti kupitia mbao. Ile sakafu nyembamba ambayo kila mwaka tunaigombania, nyinyi mnakanyaga sana, nyinyi redio yenu iko juu, usiku ule ilitufanya jamaa moja. Kakangu alinyamaza kidogo kabla ya kuanza sura. Tangu hapo akawa anapandisha sauti kwa ajili yao.

Sasa niseme la mama na dirisha, kwa sababu ndilo lililonifanya niandike.

Dadangu ameolewa Malindi. Alijifungua mtoto wa kwanza mwishoni mwa Aprili, wiki tatu baada ya kaunti kufungwa. Kwetu binti hajifungui mzaliwa wa kwanza bila mamake. Mama alikuwa amekwisha shona nepi, amenunua manjano na liwa, amefunga mkoba. Mkoba ule ulikaa chini ya kitanda cha nyanya na zipu imefungwa. Tulimwona mtoto kwenye simu, bando likiisha anaganda mdomo wazi, na mama anaendelea kuzungumza naye hivyo hivyo ameganda. Kutoka kwetu mpaka daraja la Mtwapa, ambako Kilifi inaanza, si mbali hata kidogo; mtu huenda akarudi kabla ya chai kupoa. Pale darajani kulikuwa na kizuizi.

Tarehe 6 Juni ikatangazwa kwamba kuanzia kesho yake Mji wa Kale utafunguliwa, na Kilifi nayo. Tukapiga vigelegele, kisha tukasikiliza tangazo mpaka mwisho: Mombasa yenyewe imeongezewa siku 30. Arubaini ya dadangu ilikuwa inaisha wiki ile ile. Mama hakusema neno. Asubuhi yake alikwenda akakaa dirishani, na haikuwa saa yake, ilikuwa saa ya masomo. Sikumwambia kitu. Niliwachukua watoto tukaenda kusomea kwenye ngazi.

Katika siku zile 30 kakangu aliugua. Alianza kukohoa siku chache baada ya kurudi na tuktuk barabarani. Mwezi ule wizara ilikuwa imetoa miongozo ya kumtunza mgonjwa nyumbani, na jambo la kwanza ni kwamba mgonjwa awe na chumba chake peke yake, chenye hewa. Tuliisoma mara mbili. Nje ya mji walikuwa wakisema watu wa Mji wa Kale ni wakaidi, wanakataa kupimwa. Mimi naona ilikuwa haki yetu kuulizwa swali moja kwanza: chumba cha pili kiko wapi? Watu walikuwa wameona majirani wakichukuliwa karantini na, miezi ya mwanzo, kutakiwa walipe wenyewe. Mtu anayelala wanne chumbani akipatikana na ugonjwa, nyumba nzima inaondoka. Woga ule ulikuwa na sababu, ingawa najua pia kwamba ulitugharimu, na kama ingekuwa leo ningemshika mkono nimpeleke akapimwe.

Tulimtandikia kwenye kijukwaa cha ngazi, chini ya paa, pahali pangu pa kusomea. Mkeka, godoro jembamba, chandarua kilichofungwa kwenye kamba ya kuanikia nguo. Wifi alimwekea chakula ngazi ya nne kutoka juu, akashuka, akagonga ukuta mara mbili, naye akateremka kuchukua. Siku 14 mume na mke waliongea kwa kugonga. Saa ya baada ya adhuhuri ilipofika wifi alikuwa akikaa kwenye ngazi ya chini kabisa na barakoa yake, mumewe juu, wanazungumza bila kuonana, na sote tulijipa kazi upande mwingine wa nyumba. Alipona. Wengine mtaani kwetu hawakupona, na siwezi kuwasahau ninapoandika haya.

Tarehe 6 Julai Rais Uhuru Kenyatta akatangaza kwamba kuanzia saa 10 alfajiri ya siku ya pili njia zitakuwa wazi. Mama aliutoa mkoba chini ya kitanda usiku ule ule. Hakuhitaji kuongeza kitu. Alikaanga mahamri mpaka jiko likawa na moshi na hakuna aliyemwambia kwamba saa yake ya jiko imepita.

Alishuka ngazi kabla jua halijatoka, kakangu amembebea mkoba, tuktuk inangoja Ndia Kuu. Nilirudi ukumbini nikakuta nyanya ameshaamka. Dirisha lilikuwa wazi, upepo wa kusi unaingia, na kiti cha mama kiko palepale. Nikamwambia nyanya asogee akae, kuna baridi nzuri.

Akatazama karatasi ya nyuma ya mlango, ingawa hajui kusoma maandishi yangu.

"Si saa yangu hii," akasema, akabaki kwenye pembe yake.

Siku tisa alizokaa mama Malindi, kile kiti hakuna aliyekikalia mpaka jua litoke.